Paka wetu anaparura makochi: tufanye nini bila kumfukuza?

Mkaazi wa Kibokoni ameuliza:

Assalaam aleikum. Naomba ushauri wenu kuhusu paka wetu wa kike, ambaye tulimchukua akiwa mchanga kutoka uani kwa jirani kwa sababu panya walikuwa wametuzidi nguvu. Panya wamekwisha, lakini sasa makochi ndiyo yanayokwisha. Kila alfajiri akishaamka huenda kwenye pembe ile ile ya kochi refu lililo karibu na mlango wa sebule, akajinyoosha mwili mzima na kuparura hadi nyuzi zikaning'inia. Kitambaa chake ni kile kilichofumwa kwa nyuzi nene zilizoachana, na sponji imeanza kuonekana. Tumemkemea na tumemrushia maji, naye hukimbia, kisha tukitoka nyumbani hurudi pale pale.

Mavyaa wangu, ambaye ndiye mwenye seti hiyo, anataka paka atiwe kwenye gunia akaachwe soko la samaki, kama wafanyavyo wengi hapa mjini. Mume wangu amesikia kwamba huko ng'ambo madaktari huwang'oa paka kucha, na anauliza kama huduma hiyo inapatikana Mombasa. Mimi sipendi rai zote mbili, lakini sina ya tatu.

Jirani wa Makadara amejibu:

Waaleikum salaam, dada. Paka hapendi harufu kali. Pakaza kochi mafuta ya karafuu, au weka chini yake vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kuzuia nondo. Kwa dada yangu kule Likoni walifanya hivyo, na paka akaliacha kochi. (Alihamia kwenye pazia, lakini hilo ni jambo jingine.)

Daktari wa mifugo, Nyali, amejibu:

Kwa heshima zote kwa ndugu yetu wa Makadara, ninamwomba dada asiutumie ushauri huo. Mafuta ya karafuu ni sumu kwa paka, kwani ini lake halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali za namna hiyo, na hahitaji kuyanywa ili yamdhuru: akiyakanyaga kisha akajilamba miguu, kama afanyavyo kutwa, yameshaingia tumboni. Vidonge vya nondo ni vibaya vivyo hivyo, na nyumba yenye watoto wadogo haina haja navyo sakafuni.

Kuparura si utundu. Ukucha wa paka huota kwa matabaka, na tabaka la nje likizeeka hubanduka anapoparura, likaacha ncha mpya. Ukichungulia chini ya kochi huenda ukakuta maganda hayo. Wakati huo huo hunyoosha misuli ya mgongo na mabega, ndiyo maana hufanya hivyo zaidi anapoamka. Jambo la tatu, linaloeleza kwa nini amependa pembe ya mlangoni, ni kwamba katika nyayo zake mna tezi zinazotoa harufu, kwa hiyo alama anazoziweka, za kuonekana na za kunuswa, huwaarifu paka wengine kwamba hapa pana mwenyewe. Katika Mji wa Kale mnamokaa, ambako kila kizingiti kina paka wake, taarifa hiyo ana haja ya kuitoa. Ukimrushia maji, anachojifunza ni kukuogopa wewe na kungoja utoke.

Ama upasuaji anaoulizia mume wako, hauondoi kucha peke yake, bali hukata mfupa wa mwisho wa kila kidole, kwa kuwa ukucha umeota kutoka humo. Baadhi ya paka hubaki na maumivu ya muda mrefu, na wengine huanza kuuma. Uingereza iliukataza kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, na New York ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuukataza mwaka 2019. Mimi siufanyi. Badala yake mkateni ncha za kucha kila baada ya wiki mbili hivi, mkiepuka sehemu ya waridi iliyo ndani, ambayo ina mshipa wa damu. Msisahau ukucha wa pembeni wa kila mguu wa mbele, kwani haugusi chini na unaweza kujikunja hadi ukachoma nyama.

Kisha mpeni nguzo imara iliyozungushiwa kamba, yenye urefu wa sentimita 80 au 90 ili ajinyooshe wima, nayo isimame ubavuni mwa pembe ile ile anayoipenda, si stoo wala uani. Akiiparura, apewe kipande cha samaki papo hapo; akishaizoea, isogezwe kidogo kidogo. Pembe ya kochi ifunikeni kwa plastiki laini, au kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, kwani paka huchukia mno kunatwa nyayo.

Kuhusu soko la samaki, paka aliyelelewa ndani hajui kupigania chakula na madume ya huko, na panya wa Kibokoni hawatachelewa kupata habari.

Mkaazi wa Kibokoni:

Shukrani, daktari. Mavyaa amesomewa jibu lako, na habari ya panya imemgusa kuliko ile ya maumivu. Amekubali kungoja mpaka baada ya Idi, kwa sharti kwamba nguzo isiharibu sura ya sebule anamopokelea wageni. Je, twaweza kutumia kitanda cha kamba kilichochakaa tulicho nacho stoo? Paka hukiparura kila mlango ukiachwa wazi.

Fundi wa makochi, Majengo, amejibu:

Dada, paka ameshakuchagulieni, lakini kukisimamisha kitanda kizima sebuleni mavyaa hatakubali, naye atakuwa na haki. Kifungueni, mchukue mfumbati mmoja, yaani mti mrefu wa ubavuni mwa kitanda. Ukiwa umeliwa na mchwa, tafuteni kipande cha boriti ya mkoko kinachobaki nyumba za kale zinapokarabatiwa, kwani mti huo ni mzito. Kifungwe kwa skrubu kwenye ubao mpana, maana nguzo ikiyumba paka huiacha. Kamba ya mkonge, unaolimwa hata hapo Vipingo, ndiyo bora, na ya makumbi ya nazi pia hufaa. Ya nailoni huteleza. Ikazwe pasiwe na nafasi kati ya mizunguko, na ncha zake zipigiliwe misumari midogo, kwa kuwa gundi peke yake huachia kwa unyevu wa hapa Pwani.

Kochi msilivishe kitambaa kipya mpaka paka awe ameizoea nguzo. Wakati huo utakapofika, ombeni mahameli yenye manyoya mafupi yaliyosongamana, kwani hayana vitanzi vya kunasa ukucha. Ngozi, ambayo wateja wengi huifikiria kwanza, ikitobolewa haizibiki. Mkiwa dukani, pitisheni ukucha wenu juu ya kitambaa kabla ya kulipa, na ukinasa, mwombeni muuzaji awateremshie jora jingine.