Tumefukua saa ya mfukoni ya zamani uani Ngamiani, Tanga. Tuifungue au tuiache?

Mjukuu wa Ngamiani

Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa wanaojua saa za zamani. Tulikuwa tunachimba shimo la mnazi uani, nyumba ya familia hapa Ngamiani barabara za ndani huku, ya babu mzaa mama, jembe likagonga kitu nikajua ni jiwe tu maana chini huku matumbawe matupu, kuinama naona kitu cha duara kimegandana na udongo, kufuta kwa kidole kumbe saa, zile za kutia mfukoni zenye pete ya cheni juu. Cheni yenyewe haipo. Kioo hakuna, ila uso wa namba mweupe mpaka leo, namba za kirumi zinasomeka zote, una ufa mmoja tu unapita pembeni ya sita. Mishale imeliwa na kutu, mmoja kimebaki kipande. Nyuma kumekuwa kweusi na mfuniko umekaza haufunguki.

Sasa shemeji anataka tuiloweke kwenye siki na ndimu ifunguke halafu tuitie ufunguo tuone kama inatembea. Na kuna mtu ameshafika hapa nyumbani, sijui kaambiwa na nani, anasema saa za Mjerumani ndani zina zebaki na yuko tayari kutoa hela leo leo. Mama hataki iuzwe, anasema babu alikuwa mtu wa reli na huenda ni yake. Tufanyeje?

Fundi Saa Mstaafu

Mwanangu marahaba. Kwanza mwambie shemeji aweke siki yake jikoni. Hiyo saa imekaa kwenye udongo wa pwani, udongo wa chumvi, na chumvi ndio inayomaliza chuma. Saa kubwa za namna hiyo mashine yake huwa ya shaba au nikeli, hiyo inavumilia, ila skrubu, springi na ile nywele ya balansi, yaani springi nyembamba inayoongoza mwendo wa saa, ni chuma kinachoshika kutu, na ikishatoka ardhini ikapata hewa kutu inakimbia kuliko ilivyokuwa chini. Ukiongeza asidi umemaliza kazi. Usiloweke, usipake mafuta ya cherehani, usipige msasa, na usizungushe kile kichwa cha juu kabisa, springi ikiwa imeshikana itakatika au itang'oa meno ya gurudumu.

Chukua brashi laini ya rangi, toa udongo unaotoka wenyewe, unaogoma uache. Halafu itie kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinanyonya unyevu. Usiianike juani, huo uso mweupe ni enameli kama ya vikombe vya bati vya zamani, ndio maana haujafubaa, lakini ufa unaweza kukimbia.

Umri wake tutausoma. Ina kichwa cha kuzungushia juu au ina tundu la ufunguo? Zile za ufunguo ni za zamani zaidi, za kichwa zilienea miaka ya 1880 kuendelea. Nyuma ukiona alama ya mwezi mchanga na taji na namba 0.800 ni fedha ya Kijerumani, ukiona dubu au ndege ni fedha ya Uswisi, simba anayetembea ni ya Uingereza. Alama nyingi zipo upande wa ndani wa mfuniko, kwahiyo hizo mpaka ifunguliwe na fundi mwenye lenzi na kisu chake, sio bisibisi ya nyumbani.

Mzawa wa Raskazone

Naongezea kidogo. Watu wa Tanga tukiokota kitu cha zamani tunasema Mjerumani moja kwa moja, na kweli vita ilipita hapa, Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kutoka India huku kwetu Raskazone, wakapigana mpaka mitaani mjini, wakashindwa wakarudi melini wakaacha silaha kibao. Lakini haimaanishi kila chuma ni cha vita. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na penye reli saa ni kitu cha kazi, gadi na stesheni masta hawawezi kufanya kazi bila saa. Hapo ongeza wafanyabiashara wa Kihindi, mabwana shamba wa mkonge, mabaharia, wote walitembea na saa. Tena viwanda vya Uswisi viliuza kila mahali, hivyo hata mfukoni mwa Mjerumani unaweza kukuta ya Uswisi. Kulikuwa na aina inaitwa Roskopf, ilitoka 1867 kwa nia kabisa ya mfanyakazi wa kawaida aweze kununua, zilisambaa dunia nzima. Mama yako anaweza kuwa sahihi kabisa, muulize babu aliacha kazi lini na kama kuna picha yake amevaa kizibao au koti, uangalie kama kuna cheni.

Binti Pangani

Huyo wa zebaki mfukuzeni jamani, nimeumia roho kusoma. Huo mchezo upo mikoa yote, wanasema zebaki ipo kwenye cherehani, kwenye redio, kwenye saa, watu wamevunja vitu vya wazee wao halafu ndani hamna kitu. Saa ya mfukoni inatembea kwa springi na magurudumu basi, zebaki haina kazi humo. Wengine wanakuja kuangalia tu ili usiku warudi kuchimba uani kwenu. Msiwaonyeshe shimo.

Mjukuu wa Ngamiani

Ahsanteni sana wote, Mungu awabariki. Mzee ina kichwa cha kuzungushia, tundu la ufunguo sioni. Nimemulika na tochi ya simu naona chini ya sita maandishi madogo mno, SWISS naisoma, mengine hapana. Mama amekumbuka babu alikuwa na koti la kazi lenye mfuko mdogo wa ndani, picha ipo kwa mama mdogo Korogwe tumeshamwomba aipige kwa simu atutumie. Siuzi. Sasa shimo, tuendelee kuchimba au tuhamishe mnazi?

Mzawa wa Raskazone

Kabla ya lolote pima saa ilikuwa kina gani na umbali gani toka ukutani, uandike, maana kitu kikishatoka hiyo habari haipatikani tena. Kisha endelea taratibu kwa mwiko wa fundi, cheni inaweza kuwa humo humo. Ukikutana na risasi au chuma chochote cha mviringo chenye ncha usikiguse, ita polisi. Saa ipelekeni Urithi Tanga, ile makumbusho kwenye boma la zamani, waione na waipige picha, halafu mnarudi nayo nyumbani.

Fundi Saa Mstaafu

Na picha ya huo mwandiko ilete hapa, piga kwa mwanga wa pembeni sio flashi.