Ana miaka 56, anaomba uraia wa Marekani: mtihani wa Kiingereza unamhusu?

Mwisho_wa_Reli (Ujiji): Wakuu, shikamooni. Mama mdogo aliondoka kambi ya Nyarugusu mwaka 2017 kwenda Marekani kama mkimbizi, sasa ana miaka 56. Kiswahili na Kibembe hana shida, Kiingereza ni cha kuombea maji. Wenzake wanamwambia ukivuka 55 mtihani wa Kiingereza unafutwa. Kweli? Na hayo maswali ya serikali yao yakoje? Tunamfundisha kwa simu kila Jumapili, tusije tukampotosha.

Kasulu_Juu: Umri peke yake haumvushi. Siku ya kuwasilisha N-400, yaani fomu ya kuomba uraia, lazima awe na miaka 55 pamoja na miaka 15 ya ukaazi wa kudumu, au 50 pamoja na 20. Kwa mkimbizi ukaazi huhesabiwa tangu siku aliyotua, hata kama grini kadi ilitoka baadaye. Kwa hiyo wa 2017 anafikisha 15 mwaka 2032. Kuomba anaruhusiwa tangu alipotimiza 5, ila akiomba leo, Kiingereza kinamhusu. Akisubiri 2032 atafanyiwa kwa Kiswahili na mkalimani, lakini maswali ya uraia yatakuwa palepale. Mimi ningesema aanze kusoma.

Kusoma na kuandika si mlima: anapewa nafasi tatu asome sentensi moja sawasawa, na tatu aandike moja anayosomewa. Wengi wanakwama kwenye mahojiano, kwa sababu afisa anapitia N-400 kwa Kiingereza na kumtaka aeleze maana ya maneno kama "oath" (kiapo). Kukariri "yes" na "no" hakutoshi.

Mgebuka_Mkavu: Niongezee upande wa serikali. Aliyewasilisha fomu kuanzia 20 Oktoba 2025 anasomea maswali 128. Anaulizwa hadi 20 kwa mdomo, hakuna kuchagua herufi. Akipata 12 amefaulu, akikosa 9 amefeli, afisa anaishia hapo. Video nyingi mtandaoni bado ni za mtihani wa zamani wa maswali 100, angalieni. Akifeli anarudia sehemu aliyofeli tu, baada ya siku 60 hadi 90, mara moja.

Mkimfundisha kutokea huku, shida ni maneno yetu wenyewe. Kwetu Kigoma Mjini ni jimbo, maana yake eneo la mbunge mmoja. Kwao Texas ni jimbo, na lina katiba yake, bunge lake na mahakama zake. Gavana msimwite mkuu wa mkoa: mkuu wa mkoa huteuliwa na Rais, gavana huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake na Rais hana uwezo wa kumtengua. Waziri mkuu hawana. Mbunge wao akiteuliwa waziri anaachia kiti. Rais akifa anaingia makamu. Wakikosekana wote wawili, Spika wa Baraza la Wawakilishi (si lile la Zanzibar, jamani). Baraza hilo lina wajumbe 435 wa miaka 2. Seneti ina 100 wa miaka 6, wawili kila jimbo, liwe dogo liwe kubwa. Majina ya gavana na maseneta wake ayahakikishe wiki ya mahojiano, maana chaguzi huyabadilisha.

Mwisho_wa_Reli: Asanteni sana wakuu. Kuna kingine cha kumkwamisha hata akifaulu?

Kasulu_Juu: Safari kwanza. Akija Kasulu akapitisha miezi 6, atatakiwa kuthibitisha kwamba hakuhama. Mwaka mzima unakata ukaazi wake. Na ndani ya miaka 5 ya mwisho kabla ya kuomba, jumla ya miezi 30 awe amekaa Marekani kwenyewe.

La pili ni baya zaidi: daftari la wapiga kura. Kwenye kaunta za leseni ya udereva watu huulizwa kama wanataka kujiandikisha kupiga kura. Asiyeelewa swali anaitikia, anatia saini kwamba ni raia wakati bado. Hilo linaweza kumnyima uraia, hata kumfukuzisha nchini. Muulizeni Jumapili hii kama aliwahi kutia saini karatasi ya namna hiyo. Kama aliwahi, asiguse N-400 kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji.