Samadi yenye masalia ya kiuagugu: kuiondoa, kupanda mahindi, au kuinua matuta mapya?

Jembe Jipya:
Ndugu wanajukwaa, nilichanganya samadi ya ng'ombe kwenye matuta sita, na wiki tatu baada ya kupandikiza nyanya, majani machanga ya juu yalifumba kama ngumi ya mtoto mchanga huku ya chini yakibaki mazima. Maharagwe yameumia zaidi, kwa kuwa mashina yake yamejipinda na hayarefuki. Aliyeniuzia samadi amekiri kwamba ng'ombe walilishwa nyasi kavu kutoka malisho yaliyopuliziwa dawa ya magugu. Je, niitoe samadi, nipande mahindi nikisubiri, au niinue matuta mapya juu ya haya?

Mpanda Kunde:
Pole sana. Dalili hizo zinalingana na aminopiralidi, klopiralidi au pikloramu, dawa zinazoiga auksini, homoni ya ukuaji, hivyo mimea ya majani mapana hukua kwa vurugu ilhali nyasi hazidhuriki. Hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, na kuozesha mboji hakuziondoi kwa uhakika. Mwaka 2008 nchini Uingereza, uuzaji wa dawa zenye aminopiralidi ulisimamishwa kwa muda baada ya wakulima wengi wa bustani kupata hasara kama yako.

Hata hivyo, kabla ya kuchagua njia, pima kila tuta peke yake, kwa sababu majani ya nyanya hukunjwa na virusi pia. Jaza vyungu vitatu udongo wa tuta na vingine vitatu udongo usiowahi kupata samadi hiyo, panda maharagwe katika vyote, uvitenganishe ili maji ya kimoja yasiingie kingine, kisha ungoje hadi majani halisi ya tatu (yanayofuata yale mawili ya mwanzo ya mbegu) yafunguke. Yakijikunja kwenye udongo wa tuta pekee, tuta hilo limeshindwa.

Mboji Kwanza:
Mimi niliitoa. Samadi iliyokuwa bado mabonge juu ya udongo ilizoleka kwa koleo bila shida, lakini pale nilipokuwa nimeichimbia ndani kazi ilikuwa bure, maana ingenibidi kuondoa udongo wenyewe. Njia hii inafaa kwa aliyegundua mapema tu.

Mtama na Mahindi:
Kwa samadi iliyokwisha kuchanganyika, mimi naunga mkono mahindi bila kusita. Kinachovunja kemikali hizi ni viumbe wadogo wa udongo, nao huhitaji joto, unyevu na hewa. Ndiyo maana lundo la samadi lililoshindiliwa huzihifadhi muda mrefu, wakati udongo unaolimwa mara kwa mara na kumwagiliwa huzipunguza upesi zaidi. Mahindi, yakiwa jamii ya nyasi, yatakupa mavuno wakati huohuo. Sharti ni moja, na naomba ulizingatie: mabua yasirudi kwenye lundo la mboji, wala yasilishwe mifugo ambayo samadi yake itaishia kwenye mboga, kwa kuwa yanaweza kubeba masalia yaleyale.

Matuta yaliyoinuliwa siyakatai, ila mizizi ya nyanya itashuka hadi udongo wa chini ikiwa kina ni kifupi. Tena, ukinunua udongo wa kujazia wenye samadi usiyoijua asili yake, umerudi ulipoanzia.

Jembe Jipya:
Nashukuru kwa dhati. Matuta mawili bado yana mabonge juu, hayo nitayazoa kesho. Manne yaliyobaki nitayapima kwa maharagwe, na yatakayoshindwa yatapandwa mahindi. Samadi nitakayoizoa niipeleke wapi? Jirani ameiomba kwa ajili ya bilinganya zake.

Mpanda Kunde:
Tafadhali usimpe, na umweleze sababu, maana bilinganya ni ndugu wa nyanya na zitaumia vilevile. Kama mwenye ng'ombe ataikubali, irudishe ikatandazwe kwenye malisho yaleyale, mbali na mifereji ya maji. Mwombe pia jina la dawa na tarehe ya kupulizia, kwa kuwa kibandiko cha chupa ndicho kinachoeleza masharti ya kutumia samadi ya wanyama waliolishwa nyasi hizo.