Naomba ushauri: neno la embe kwenye Kisanskriti limenikwamisha

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa anayejua Kisanskriti (lugha ya kale ya India) maana nimeanza kujifunza mwenyewe nyumbani na nimekwama kwenye neno moja tu, amra, yaani embe.

Nilivyoelewa, mti ni amrah na unahesabiwa jinsia ya kiume, ila tunda ni amram, jinsia ya tatu ile isiyo kiume wala kike. Maembe mawili ni amre, kuanzia matatu amrani. Hapo nilifurahi sana kwa sababu sisi pia tunasema mwembe na embe, mti ngeli yake, tunda ngeli yake!

Sasa shida ni kanuni ya Panini, yule mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, inayosema kiambishi cha kutengeneza neno kinafutwa pale neno hilo linapomaanisha tunda. Kwa amalaki (mti mwingine wa matunda wa India) naona inavyofanya kazi, mti ni wa kike halafu tunda linakuwa amalakam, ile alama ya kike imeondoka. Lakini kwa amra shina linabaki lile lile, kwa hiyo jinsia inabadilishwa na nini hasa, ni kanuni hiyo hiyo au kuna nyingine?

Kingine, kwenye Kipali (lugha nyingine ya kale ya India) amra ikawa amba, ile b imeingia katikati ya m na r halafu r ikapotea, na kwenye Kimarathi, lugha ya India magharibi, wanasema amba mpaka leo. Je embe letu limepitia njia hiyo kwa wafanyabiashara wa bahari ya Hindi, na ile e ya mwanzo imetokea wapi?

Nishaurini pia nianze na kamusi gani.