Wafalme wa leo, mavazi yao na wajibu wao: ni kipi ulikiona kikakugusa? Tupeane uzoefu

Fundi wa Kuze, Mombasa

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni fundi wa nguo za harusi, huu ni mwaka wa 23 niko nyuma ya cherehani. Kila familia ya kifalme ya Uingereza ikitokea kwenye habari tunagawanyika. Huyu anasifu gauni, huyu anauliza bei, huyu anasema watu wale hawana kazi. Mimi naamini nguo ya mtu wa kifalme ni sehemu ya kazi yake, na ukiitazama vizuri utajua kama aliyeivaa yuko kazini au yuko kwenye maonyesho tu. Lakini leo sitaki mabishano. Nataka kila mmoja aseme alichokiona yeye, kikampendeza au kikamuudhi.

Naanza mimi. Kate Middleton aliolewa na William tarehe 29 Aprili 2011. Wiki haijaisha, akaja binti mmoja na ukurasa wa gazeti ameukunja mara nne ndani ya pochi. Alitaka gauni lile lile: mikono mirefu ya lesi, kiuno kimebana, mkia nyuma. Miaka ile mabibi harusi wangu walikuwa wanataka mabega wazi, na mama zao wananibembeleza niwafunike kwa mtandio. Siku hiyo mama na binti walikubaliana mbele yangu bila neno. Mkia wa gauni la Kate ulikuwa mita 2.7, wa kwetu tuliufanya mita moja, maana ukumbi wenyewe ulikuwa wa sakafu ya saruji.

Kilichonibadilisha mimi ni jambo dogo. Nilisoma kwamba waliokuwa wakishona lesi ile kwa mkono, mafundi wa Royal School of Needlework, walikuwa wananawa mikono kila nusu saa na kubadilisha sindano kila baada ya saa tatu, ili uzi na lesi visichafuke. Nikaweka beseni na sabuni kando ya cherehani. Mpaka leo lipo. Kabla ya hapo nilikuwa narudisha magauni meupe yana kivuli cha kidole kwenye pindo, na nasema ni vumbi la mjini.

Haya, nawasikiliza.

Mwalimu wa Tanga

Dada fundi, umenikumbusha machozi. Kwetu harusi moja ni michango, kichen pati, sendofu, na kila shughuli ina sare yake. Mwaka juzi nilirudia gauni nililovaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Mtu akazipanga picha zangu mbili sambamba kwenye grupu la familia, na shangazi mmoja akaandika kwamba walimu siku hizi tumeishiwa. Nililia kweli.

Baadaye nikakutana na picha za Princess Anne. Gauni alilovaa 1981 kwenye harusi ya kaka yake Charles na Diana, alilivaa tena 2008 kwenye harusi ya ndugu yao mwingine. Miaka 27, na lilimkaa vizuri. Charles naye amewahi kueleza mwenyewe kuwa anapenda nguo zitengenezwe upya kuliko kutupwa, na makoti yake yenye viraka yameonekana na kila mtu. Nikazituma picha kwenye grupu. Shangazi akajibu, "Yule ana kasri, wewe una nini?"

Jibu lile bado nalifikiria, maana lina ukweli. Mwenye kabati lililojaa akirudia nguo anasifiwa kwa unyenyekevu. Asiye nacho akirudia, anahesabiwa umaskini. Gauni langu naendelea kulivaa.

Mlezi wa wazee, Leeds

Hodi jamvini. Mimi natunza wazee huku Uingereza, kazi ya kuosha, kuvisha na kulisha. Picha yangu ni ile ya Balmoral, kasri lake la Scotland, tarehe 6 Septemba 2022, Malkia Elizabeth anampokea Liz Truss kuwa Waziri Mkuu. Kazini walikuwa wanamzungumzia Waziri Mkuu mpya. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye mkono wa yule bibi. Mgongo wa mkono wa kulia umevilia damu, zambarau iliyoiva. Mikono ya namna hiyo naifahamu, naishika kila asubuhi. Ngozi inakuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, na hata ukiifuta kwa taulo laini unaogopa.

Alikuwa na miaka 96. Amevaa sweta ya kijivu na sketi ya mirabaraba, fimbo mkononi, anatabasamu. Mtu wa umri ule kuvalishwa hadi asimame wima si jambo la dakika tano. Kuna kuinua mkono, kupumzika, kuingiza mkono wa pili, kupumzika tena. Siku mbili baadaye alifariki.

Nilikwenda London kupanga foleni. Tulipita mbele ya jeneza watu wapatao 250,000 kwa siku zile chache. Mimi nilisimama usiku kucha kandokando ya mto Thames, utepe wenye namba umefungwa mkononi, miguu imekufa ganzi. Ndugu wa nyumbani waliniuliza kwenye simu namlilia mkoloni wa nini. Nikawaambia nimekwenda kumuaga bibi kizee aliyevishwa akasimama akafanya kazi yake, na mwili tayari umekataa. Mengine siyatetei.

Kijana wa Nyeri

Dada wa Leeds, nimekuelewa na nakuheshimu. Mimi lakini natoka upande mwingine wa hadithi hiyo hiyo. Treetops, ile hoteli iliyojengwa juu ya mti, iko kwetu, Aberdare. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth alikuwa pale juu ya mti akitazama wanyama. Baba yake akafariki usiku huo, na habari ikamfikia akiwa Sagana. Watalii wanaipenda sana hadithi hiyo: alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka malkia. Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari ili kuwazima Mau Mau, wapiganaji waliodai ardhi na uhuru. Nyanya yangu na wenzake wakahamishwa kutoka mashamba yao, wakawekwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Handaki lenyewe walilichimba wao. Yeye alichimba na mtoto mgongoni.

Charles alipokuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, ile ziara yake ya kwanza kama mfalme katika nchi ya Jumuiya ya Madola, nyanya alikuwa bado hai. Tukamwekea kiti mbele ya televisheni. Dada zangu walikuwa wanazungumza kofia na vito vya mkewe, Camilla. Nyanya aliuliza jambo moja tu kwa Kikuyu: amesema nini? Nikamtafsiria: amesema ana huzuni kubwa na majuto makubwa, na kwamba vitendo vile vya ukatili havina udhuru. Akauliza, na msamaha ameomba? Nikamwambia neno hilo hakulisema. Akafunga leso yake upya, akatoka nje kulisha kuku.

Mnamo 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa enzi ile ya hali ya hatari, pauni milioni 19.9 kwa jumla. Nyanya hakuwamo. Kwa hiyo mtu akiniuliza mfalme alivaa nini Nairobi, kwa kweli sikuangalia.

Fundi wa Kuze, Mombasa

Kaka wa Nyeri, ahsante kwa kuandika. Huku Mombasa siku zile tulifungiwa barabara, mimi nikapanda orofani kwa jirani nione msafara ukielekea Fort Jesus. Niliangalia mshono wa koti lake. Nakiri kwamba hotuba ya Nairobi sikuisikiliza yote, na leo usiku nitaitafuta niisikilize. Mfikishie nyanya salamu zangu, kama bado yupo.

Kijana wa Nyeri

Alitutoka mwaka jana, Mama Fundi. Nashukuru.

Bibi muuguzi mstaafu, Kagera

Wanangu, marahaba wote. Mimi nitazungumzia nguo ambayo haikuvaliwa.

Nyinyi wengi hamkuwapo, au mlikuwa wadogo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa kwetu Kagera, 1983. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vinaletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Hebu fikirini, ugonjwa kuitwa kwa jina la nguo. Kwenye wodi niliyofanya kazi, chakula kilikuwa kinasukumwa kwa mguu kutoka mlangoni. Ndugu wanaleta uji, wanauweka chini, wanaondoka. Hata sisi wauguzi, nasema ukweli mbele ya Mungu, tulikuwa na woga. Glavu zilikuwa chache, zilioshwa, zikaanikwa, zikapakwa poda, zikavaliwa tena. Siku zikikosekana, kuna waliokataa kugeuza mgonjwa.

Ndipo daktari mmoja mgeni akaja na gazeti la kwao la miezi mingi iliyopita. Ndani kuna picha ya Diana, Aprili 1987, kwenye hospitali ya London, ameshikana mkono na mgonjwa wa UKIMWI. Mkono mtupu. Wanawake wa kifalme tuliwajua kwa glavu zao, nyeupe, mpaka kiwikoni. Huyu alikuja bila glavu mahali ambapo dunia nzima ilikuwa inataka glavu. Picha ile ilibandikwa kwa plasta kwenye kabati la dawa. Hakuna aliyetuhutubia. Siku chache baadaye nilimwona mwenzangu mmoja, mkali kuliko sote, amekaa kitandani kwa kijana ambaye hakuwa na mtu, amemshika kiganja, anamsimulia habari za mvua na migomba.

Kijana yule aliondoka wiki ile ile. Lakini alikwenda ameshikwa.

Wanaosema Diana alikuwa mtu wa kupigwa picha tu, wako sahihi kwamba alipigwa picha. Moja ilifika Kagera.

Mlezi wa wazee, Leeds

Shikamoo bibi. Nimesoma niko kwenye basi, nimeshuka kituo kisicho changu.

Dada wa Owino, Kampala

Mnisamehe Kiswahili changu ni cha sokoni. Nyinyi mnazungumza wafalme wa mbali, sisi Buganda tunaye wetu. Ufalme ulifutwa enzi za Obote, ukarudi 1993, Kabaka Ronald Muwenda Mutebi akatawazwa. Kila mwaka karibu na siku yake ya kuzaliwa, Aprili 13, kuna mbio za kilomita 21, 10 na 5. Tunanunua fulana, na pesa zinakwenda kwa jambo la afya: fistula, kisha selimundu, kisha UKIMWI. Mimi nilikimbia mwaka wa selimundu kwa sababu nilizika mtoto wa dada yangu.

Fulana ile ndiyo nguo ya kifalme ninayoijua. Sokoni kwetu mwenye duka kubwa na mbeba mizigo wote wanaivaa siku hiyo, huwatofautishi. Kwenye sherehe kubwa wanaume wanavaa kanzu na koti juu, sisi gomesi, na kuna lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kinagongwa kwa nyundo ya mti mpaka kilainike. Mgeni akikiona anafikiri ni gunia. Kwetu ndicho cha kumvika mfalme siku ya kutawazwa na cha kuzikia wazee.

Kaskazi, Maskati

Assalaam alaykum. Wazee wangu walitoka Unguja 1964. Nitasema kidogo tu. Sultani wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, aliishi miaka mingi Portsmouth, Uingereza, katika nyumba ya mtaani kama watu wengine. Aliruhusiwa kuja Oman 2020, akafariki hapa tarehe 30 Desemba 2024, umri 95. Sisi tulikuwa tunamjua kwa picha moja tu ukutani kwa bibi: joho, kilemba, jambia kiunoni. Baba yangu alipowahi kumwona huko Uingereza, miaka ya nyuma, alikuwa mzee ndani ya koti la baridi. Baba alirudi kimya. Kwa muda mrefu nilidhani amevunjika moyo. Juzi nilipomuuliza akasema, "Alinisalimia kwa Kiswahili cha mjini, nikasikia sauti ya barazani kwetu." Koti hata rangi yake haikumbuki.

Wa Buja

Na wa kwetu Burundi msimsahau: Esther Kamatari, binti wa ukoo wa kifalme, baba yake aliuawa, yeye akaenda Ufaransa akawa mwanamitindo Paris miaka ambayo weusi jukwaani walikuwa wa kuhesabu. Mama yangu alikuwa na picha yake ndani ya Biblia. Alikuwa akiniambia nitembee kama yule, mgongo ukiwa umenyooka, hata nikienda kuteka maji.

Mwalimu wa Tanga

Fundi, swali la kazi kabla hujafunga. Ni kweli Malkia Elizabeth alishonewa vizito kwenye pindo ili sketi isipeperuke?

Fundi wa Kuze, Mombasa

Ndivyo inavyoelezwa, vizito vidogo vya madini ya risasi ndani ya pindo. Mimi nimeifanya. Bibi harusi mmoja alitaka kupiga picha Mama Ngina, pale ufukweni, mwezi wa Januari, na kaskazi mnaijua. Nikaenda kwa wavuvi nikanunua chubwi za wavu, ndogo kabisa. Nikazivalisha bitana moja moja zisikwaruze kitambaa, nikazishona kila baada ya shibiri. Upepo ukaja, shela likaenda juu, gauni halikutikisika. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, hawezi kuinua mikono kushika chochote kinachopeperuka. Aliweka kiganja juu ya pindo, akaipapasa ile chubwi, akaniuliza, "Umeweka nini humu, mwanangu?"

Nikamwambia chubwi, bibi. Akaishikilia mpaka picha zikaisha.