Prado ya petroli au ya dizeli kwa kuvuta tela?

Swali: Ndugu zangu, kila mwezi nitavuta tela la mizinga ya nyuki kutoka Morogoro hadi Iringa kupitia Mlima Kitonga. Je, ninunue Prado ya petroli ya lita 2.7 au ya dizeli ya lita 3.0?

Jibu: Chagua dizeli, ndugu, kwa kuwa injini yake ya 1KD-FTV hutoa nguvu ya msokoto (torque, ile inayovuta mzigo) ya Nm 410 ikiwa kwenye mizunguko ya chini, ilhali 2TR-FE ya petroli hutoa takribani Nm 246, tena mpaka izungushwe sana.

Jibu: Nakubali, ila nozeli za injini hiyo ya dizeli (zinazopulizia mafuta ndani ya injini) hazivumilii dizeli chafu; zangu nne nilizibadilisha kwa gharama kubwa.

Jibu: Unaposhuka Kitonga, tumia gia namba mbili, usitegemee breki peke yake.