Naomba ushauri: niache uzamili Nagoya nikaimbe Tokyo?

BintiChumbageni:
Wakuu habari za saa hizi. Huku ni saa nane usiku, usingizi umekataa, ndiyo maana nafungua uzi.

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Tanga, niko Nagoya nasoma uzamili kwa ufadhili wa serikali ya Japani. Mchana niko maabara, jioni naimba kwenye bendi ya watu wanne, mgeni ni mimi peke yangu. Tunapiga nyimbo za anime, yaani katuni za Kijapani, zile za roki zenye gitaa la mbio. Sasa kuna ofisi ya wasanii Tokyo imenisikia na inanitaka. Wanasema ndani ya mwaka mmoja naweza kupata wimbo wa kufungulia anime. Mazoezi ni Tokyo siku tatu kwa wiki, kwa hiyo shule haitawezekana.

Wanaofuatilia wanamjua LiSA, mwimbaji wa nyimbo za anime. Katoka Seki, Gifu, hapa jirani tu. Kapiga bendi za mtaani hadi 2008, akahamia Tokyo, 2010 akapewa kumuimbia mhusika Yui kwenye anime ya Angel Beats!, mwaka uliofuata akatoka kwa jina lake. Angeogopa, Gurenge, ule wimbo wa kufungulia Demon Slayer, tungeisikia wapi?

Swali langu ni moja: niache sasa hivi au nivumilie hadi Machi, mwaka wa masomo wa huku ukiisha? Matusi hapana. Nawasilisha.

MzeeWaKeko:
Wazazi wanajua? Serikali ya watu inakulipa usome, wewe unataka kuimbia vikatuni. Mjukuu wangu wa darasa la pili ndiye anayeangalia hivyo.

FundiTemeke:
Dada hongera kwa kufika huko. Nje ya mada kidogo, Toyota IST ya 2006 hapo mnadani inasimama yeni ngapi? Watu wa kati wanatupiga sana.

BintiChumbageni:
Kaka, tuyaache magari. Naomba tujibu swali.

OtakuWaUbungo:
Dada umeruka katikati, na katikati ndiko kwenye kazi. Kutoka Angel Beats! hadi Gurenge ni miaka tisa. 2011 Oath Sign ya Fate/Zero, 2012 crossing field ya Sword Art Online, 2014 Rising Hope. Januari 2014 akaingia Budokan, ukumbi mkubwa wa Tokyo, kwa mara ya kwanza, sauti ikamkatikia jukwaani mbele ya watu wote wale. Januari 2015 akarudi palepale akapiga siku mbili mfululizo. Gurenge imemkuta 2019 ana miaka 31. Homura ya Mugen Train, filamu ya Demon Slayer, ndiyo ikampa tuzo kuu ya Japan Record Awards mwisho wa 2020.

Mimi crossing field ilinifelisha fizikia kidato cha tano. Jamaa aliniazima flashi yenye episodi zote 25 wiki ya mtihani. Sijutii.

Halafu Seki ni mji wa wafua visu na panga. Akatoka huko akaimbia anime ya panga. Mambo mengine yanajipanga yenyewe.

MamaAbuu:
Mdogo wangu, soma. Mimi mwaka 2003 niliacha ualimu nikaingia taarabu. Walinitunza sana, noti hadi kwenye mtandio. Leo nauza vitumbua Magomeni. Sisemi zaidi.

MpigaBesiOsaka:
Mimi wa Mombasa, niko Osaka mwaka wa sita, najua kidogo haya mambo. Anime hugharamiwa na kamati: mchapishaji wa manga, kituo cha televisheni, kampuni ya rekodi na wengineo. Aliyeweka fedha ndiye anayeleta mwimbaji wake. Aniplex walio nyuma ya Demon Slayer ni kampuni tanzu ya Sony Music, na LiSA ni msanii wa huko huko. Sauti anayo, lakini mlango nao ulikuwepo. Ofisi yako iko kwenye kamati gani, dada? Na wamekuomba hela?

BintiChumbageni:
Si kuomba hela. Ni ada ya mafunzo na ya kurekodi. Hata shule watu wanalipa.

MpigaBesiOsaka:
Ngapi?

BintiChumbageni:
Yeni 650,000. Nimeshatoa 480,000. Iliyobaki ni mwisho wa mwezi.

OtakuWaUbungo:
Posho ya uzamili ni kama 144,000 kwa mwezi, kodi ya chumba na chakula humo humo. 480,000 umeitoa wapi?

MzeeWaKeko:
Kimya. Nilijua.

BintiChumbageni:
Samahani nilikuwa maabara. Sawa, nasema. Shemeji yangu, mume wa dada, alinitumia hela nimnunulie gari mnadani. Alikopa SACCOS. Sijaiba, nitairudisha nikianza kufanya maonyesho. Mkataba nimeshagonga muhuri, kwa hiyo kuniambia "usisaini" hakunisaidii. Niambieni kuhusu shule.

FundiTemeke:
Gari gani?

BintiChumbageni:
IST.

FundiTemeke:
Daah.

MnusaChai:
Wakuu mnakunywa chai bila vitafunwa. Viza ya mwanafunzi ni kibarua cha saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali. Kuimba kama kazi ya kudumu kunataka viza nyingine kabisa. Ofisi gani ya Japani itamsainisha mtu bila kuangalia hilo? Halafu huyu huyu mwaka jana alichangia uzi wa vyumba vya kupanga Mwanza. Leo Nagoya, kesho Hollywood. Uzi ufungwe.

MamaAbuu:
Jamani, na mimi nimeshamwaga siri zangu za taarabu hapa!

BintiChumbageni:
Cha Mwanza nilimtafutia mdogo wangu anayesoma huko. Chai haina harufu ya ukumbi wa chini ya ardhi wenye ngazi zinazonata bia. Jumamosi tulipewa tiketi 20 za kuuza, moja 2,500. Tuliuza saba. Zile 13 tukazilipa sisi wenyewe, 32,500, mpiga ngoma akazihesabu sarafu kwenye kifuniko cha boksi la gitaa. Tulipiga dakika 25. Nilipoanza Rising Hope, mbaba mmoja mwenye suti akaweka begi chini akaanza kuruka peke yake. Ningetunga, ningejaza ukumbi.

MpigaBesiOsaka:
Hizo tiketi za kulazimishwa kuuza huku zinaitwa noruma, kila bendi ndogo imelia nazo. Namwamini. Ila kwenye viza MnusaChai yuko sahihi. Dada, walikuuliza viza yako?

BintiChumbageni:
Hapana.

MpigaBesiOsaka:
Basi kukupandisha jukwaani hakumo kwenye hesabu zao. Piga 188, ni namba ya malalamiko ya wateja nchi nzima. Kuna mikataba inayofutika ndani ya siku 8, mingine 20. Uligonga muhuri lini?

BintiChumbageni:
Leo siku ya 12. Lakini kesho nina mazoezi Tokyo, basi la usiku nimeshalipia. Mwalimu wao wa sauti ni mzuri kweli, wiki iliyopita alinisimamisha dakika arobaini kwenye mstari mmoja tu. Nitapiga Jumatatu.

MnusaChai:
Bado nasema chai. Ila kama si chai, piga leo.

BintiChumbageni:
Shemeji ameniandikia sasa hivi: "Shem, naomba namba ya chesisi nimwonyeshe mtu wangu wa bandarini." Nimjibu nini?

FundiTemeke:
Usithubutu kumtungia, hao watu wa bandarini wanazikagua. Mpigie kwa sauti, usiandike. Lakini ilikuwa rangi gani?